Chuma Katika Damu ya Odilia

Kwa miaka mitatu Odilia alimeza vidonge vya kuongeza damu, kimoja asubuhi na kimoja jioni, bila kukosa hata siku ya Pasaka. Kisha akakaa mbele ya daktari mjini Kasulu akaambiwa vidonge hivyo aviache leo hii, na kwamba dawa yake itakuwa kutolewa damu, mfuko mzima, kila wiki, labda kwa mwaka mzima. Alidhani daktari amechoka na kazi. Mtu amekonda hadi kanga inamzunguka mara mbili, akitoka jikoni kwenda chooni anapumzika njiani, halafu damu kidogo aliyobaki nayo unamchukulia? Hata kupe akishiba huachia.

"Mama, wewe huna upungufu wa damu," alisema daktari. Aliitwa Ghati, mwanamke wa Mara aliyehamishiwa Kasulu mwaka uliotangulia, mpole wa sauti lakini si mpole wa maneno. "Damu yako inatosha. Kilichozidi ni madini ya chuma. Mwili unahitaji chuma kidogo tu, na kikizidi hauna mlango wa kukitolea. Kinajificha kwenye ini, kwenye vifundo vya vidole, na kwenye kongosho. Kongosho ndilo linalotengeneza ile dawa ya mwili ya kuongoza sukari. Lako limeharibika. Ndiyo maana una kisukari."

Odilia alimtazama kama mtu aliyeambiwa ana mimba. Kisukari alikifahamu. Kilikuwa ugonjwa wa mabosi, wa watu wenye matumbo na magari. Yeye alikuwa na kilo arobaini na nne, na gari alilolijua ni lori la kubebea maharage.

Ghati aligeuza karatasi iliyorudi kutoka Mwanza, ambako sampuli ilikaa wiki tatu, akaweka kalamu chini ya tarakimu moja. Akiba ya chuma ya mwanamke haifai kuvuka mia mbili na ushee, akasema. Ya Odilia ilikuwa elfu tatu na mia nne. Ngozi yake kugeuka rangi ya jivu, vidole kuuma asubuhi, uchovu, kiu, vyote vilikuwa vitoto vya mama mmoja. Na vile vidonge, alivyonunua mwenyewe dukani kwa sababu kila aliyemwona alisema huyu damu imeisha, vilikuwa chuma juu ya chuma.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Napika pombe."

"Unapikia kwenye chombo gani?"

Nani huulizwa hivyo hospitali? Odilia alitazamana na mwanawe wa kwanza, Makarius, mwenyekiti wa kitongoji chao, aliyemleta kwa pikipiki yake. Wote wawili walitaka kucheka. Kisha hakuna aliyecheka.

Sasa hapo lazima nikueleze Odilia ni nani, maana ukimwona na ule mwili wake wa sasa hutaamini. Kijijini kwao, upande wa Muyama, watu wakikuambia pombe fulani ni nzuri, uliuliza kwanza kama ni ya Odilia. Harusi isiyokuwa na pombe yake ilihesabiwa kuwa harusi ya watu wasiojipanga, na matanga yasiyokuwa nayo waombolezaji waliyaaga mapema wakidai mvua inakuja. Alifika kijijini hapo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, binti wa mkulima wa maharage, mwenye aibu, asiyejua hata kuivisha ndizi shimoni. Mama mkwe alimfundisha kwa ukali: ndizi ziive chini ya majani, zikamuliwe kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yachujwe, yachanganywe na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha yaachwe yachachuke. Pombe hiyo wenyewe Waha huiita urwarwa. Miaka mitano haikupita, mwanafunzi akampita mwalimu, na mwalimu akakasirika kweli.

Kilichomtenga na wapika pombe wengine kilikuwa pipa. Miaka ya tisini, wakimbizi walipojaa Kasulu na Kibondo, mapipa ya chuma yaliyokuwa ya mafuta yalizagaa kila mahali. Mumewe Longinus alimletea moja juu ya baiskeli, kilomita thelathini za milima, akisukuma zaidi kuliko alivyopanda. Walilichoma ndani, wakalisugua kwa mchanga na majivu siku nne. Pombe iliyolala humo ilitoka nyeusi kidogo, chachu, na yenye kuuma nyuma ya ulimi. Wanywaji waliipenda kwa hiyo ladha. Mapipa ya plastiki yalipoingia sokoni vijana walimshauri abadilishe, akawacheka. Plastiki haina ladha, alisema, na kwa kweli alisema kweli. Ladha yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimla. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila sidhani kama nao waliwahi kufikiria pipa.

Ghati alisikiliza habari za pipa hadi mwisho, akiandika. Akaeleza taratibu kwamba pombe ikichachuka ndani ya chuma kitupu hukila chuma kile, na mnywaji hukinywa bila kukiona. Si kila anayekunywa hupata shida, alisema, kuna miili inayoshika chuma kuliko mingine. Lakini anayekunywa kila siku, kwa miaka ishirini na minane, anacheza na moto.

"Mimi sinywi sana, daktari. Naonja tu."

Aliposema hivyo hakudanganya. Kwao mtu hampi mwenzake kinywaji bila kuonja kwanza, mbele ya macho yake. Ndiyo namna ya kusema sijakuwekea kitu. Kwa hiyo kila pipa Odilia alilionja, na kila mtungi uliotoka kwenye pipa, na kila kata ya kibuyu aliyompa mgeni wa maana. Ukiiweka pamoja hiyo mionjo ya maisha yote, unapata mlevi ambaye hajawahi kulewa.

"Na mwingine nyumbani?" Ghati aliuliza, bado akiandika. "Kuna aliyekunywa kwa wingi kutoka pipa hilo?"



"Mume wangu," alisema Odilia. "Kata ya kwanza ilikuwa yake. Kila siku. Alifariki mwaka elfu mbili na kumi na sita."

"Aliumwa nini?"

Odilia akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akieleza habari zake mwenyewe. Longinus alikonda. Ngozi yake ikawa kama ya mtu aliyepakwa masizi, hata viganja. Tumbo likavimba upande wa kulia. Kiu yake ilikuwa ya ajabu, ndoo ya maji haikulala. Na pale alipokojoa nyuma ya nyumba walikusanyika sisimizi, mstari mweusi, kama wanaokwenda sokoni. Mganga mmoja aliwaambia kwamba sisimizi wale wametumwa.

Kalamu ya daktari ilisimama. "Sisimizi hawatumwi, mama. Wanafuata sukari." "Siwezi kumpima mtu aliyezikwa. Siwezi kuapa. Lakini haya unayonieleza ni yale yale yaliyo mwilini mwako, tena yakiwa yameiva zaidi. Kiu hiyo ilianza lini?"

"Mahindi yakiwa mabichi," alijibu Odilia.

Lilimtoka tu. Makarius, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akageuka.

"Mama. Harusi ilikuwa mwezi wa nane."

Daktari hakuelewa kwa nini chumba kilipoa ghafla. Hakuijua harusi ile, wala hakumjua Apoline.

Apoline alikuwa mdogo wake Longinus, mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko. Odilia alipoletwa kwenye ukoo ule kama bibi harusi, Apoline ndiye aliyempokea mlangoni na kumwita mwizi kwa kumwibia kaka, na utani huo haukuisha miaka thelathini. Ndiye aliyemshika mgongo usiku wa kumzaa Makarius. Mwezi wa nane wa mwaka elfu mbili na kumi na tano alimwoza binti yake. Pombe ilikuwa ya Odilia, ingekuwa ya nani tena? Longinus, mjomba wa bibi harusi, alipaswa kupewa kata na mama mwenye harusi mwenyewe, na mama mwenye harusi aonje kwanza. Apoline hakuonja. Alikuwa ameokoka miezi miwili kabla, pombe ameiapia. Alimkabidhi kaka yake kata ikiwa imejaa pomoni, akasema, "Kunywa tu, kaka, mimi Yesu kanikataza." Watu walicheka. Longinus naye alicheka, akanywa.

Longinus alipofariki mwezi wa tatu uliofuata, hakuna aliyekumbuka kicheko. Walichokumbuka ni kata isiyoonjwa. Mganga alikwisha kusema kwamba marehemu aliwekewa kitu kwenye kinywaji, tena na mkono wa damu yake. Kwenye matanga wazee walimgeukia mjane wakamuuliza swali moja: mumeo alianza kuumwa lini? Odilia akajibu, "Baada ya harusi."

Nimelifikiria sana jibu lile, na bado linanishinda. Odilia hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyelia siku sita bila kula, na kila kinywa kilichomzunguka kilisema harusi, harusi, harusi. Lakini sisimizi aliwaona mwezi wa pili, shamba la mahindi likiwa kijani, miezi sita kabla ya harusi. Alimwaga majivu ya moto juu yao kwa mkono wake. Ukweli ulikuwa mdomoni mwake, akautema pembeni. Kisha Makarius akasimama mbele ya watu wote akasema, "Shangazi, siku ile hukuonja." Apoline hakujitetea. Aliinamisha kichwa, na watu wakasema, mnaona. Kabla ya jua kupanda kesho yake alikuwa ameondoka na furushi moja. Paa la nyumba yake vijana walilibomoa kwa hiari yao.

Miaka saba ilipita. Odilia alisikia kwamba wifi yake yuko Kibondo, anauza sombe, yaani kisamvu, sokoni, wateja wake wengi ni Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta. Hakuwahi kutuma hata salamu.

Safari ya kurudi kutoka hospitali mama na mwana hawakuzungumza hadi walipofika kwenye mteremko wa mwisho. Makarius akazima pikipiki.

"Mama, haya yaache huko huko Kasulu."

"Yapi?"

"Unayajua. Daktari mwenyewe kasema hawezi kuapa. Ukiyafungua haya, watasema familia ya mwenyekiti ilimfukuza mtu bure. Watasema mimi nilimfukuza shangazi yangu bure. Na wewe watasema ndiye uliyemuua baba."

Odilia alishuka kwenye pikipiki kwa shida, akashika usukani ili asianguke.

"Na si ni mimi?" aliuliza. "Kata ya kwanza nilikuwa nampa nani?"

"Ulikuwa hujui."

"La pombe nilikuwa sijui. La mahindi nilijua, Makarius. La mahindi nilijua."

Makarius aliangalia pembeni. Mwanamume wa miaka thelathini na minane, anayewasuluhisha watu mipaka ya mashamba kila Jumamosi, alitoa kitambaa akajifuta uso mara mbili, ingawa hapakuwa na jasho.

Wiki iliyofuata walimtoa damu mara ya kwanza. Odilia alilala kwenye kitanda cha hospitali akiitazama ikishuka kwenye mpira mwembamba, nyekundu kabisa, nzuri kabisa, damu ambayo jirani yeyote angekuambia ni ya mtu mzima wa afya. Alitarajia kuzimia. Hakuzimia. Kilichomtisha ni kwamba aliiangalia akaona kama anatazama pombe inayochujwa, na alipofikiri hivyo akamwona Longinus akipokea kata kwa mikono miwili, akisema asante mama Makarius, kama alivyosema kila jioni. Nesi alimuuliza kama sindano inauma kiasi hicho. Akasema inauma.

Wateja walikuja siku ya pombe wakakuta pipa limelazwa nje, tupu. Wengine walidhani amefiwa. Aliwaambia hapiki tena, na kwamba waliokunywa sana kwake waende wakapimwe. Baadhi walicheka, mmoja akamwambia ameokoka kama wifi yake. Neno hilo lilimchoma kuliko sindano. Kesho yake, bila kumuaga Makarius, alipanda basi la Kibondo.

Hakuhitaji kuuliza sana. Sokoni aliwauliza wanawake wawili wa mbogamboga, wote wakaelekeza upande mmoja kwa midomo. Apoline alikuwa chini ya turubai, amesimama na mchi, anatwanga majani ya muhogo kwenye kinu. Alikuwa amepungua. Mwili ule mkubwa ulikuwa umeisha nusu, na nywele zilizochungulia chini ya kitambaa zilikuwa nyeupe zote. Odilia alikuwa na miaka hamsini na minane, Apoline alikuwa mdogo kwake kwa miwili, na pale walifanana na vikongwe.

"Mwakeye, wifi," Odilia alimsalimu kwa Kiha.

Mchi haukusimama. Apoline alimtazama kuanzia miguuni. "Mwakeye. Umekuwa mweusi."

"Naumwa."

"Naona."

Njiani Odilia alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Alijiandaa kutukanwa kwa Kiha mbele ya soko zima. Alijiandaa kufukuzwa. Alijiandaa hata kwa ule mchi, na kusema kweli alikuwa amekwisha kuamua kwamba akipigwa nao hatainua mkono. Alisimama pale pale, mkoba begani, akasema yote kwa mfululizo kabla woga haujamrudia: kisukari, chuma, pipa, vidonge, daktari wa Mara. Akafika kwenye matanga. Akasema wazee walimuuliza swali, na yeye akajibu uongo.

"Baba Makarius aliumwa kabla ya harusi ya mtoto wako," alisema. "Kiu ilianza mwezi wa pili. Mahindi yalikuwa mabichi. Wale wadudu niliwaona mimi mwenyewe, nikawamwagia majivu. Nilijua, wifi, nikasema baada ya harusi."

Mchi ulisimama.

"Rudia," alisema Apoline.

"Nilijua, nikasema—"

"Hapana. Rudia hapo pa mahindi."

Odilia alirudia. Mwezi wa pili. Mahindi mabichi. Miezi sita kabla.

Apoline aliuweka mchi chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akashika ukingo wa kinu kwa mikono yote miwili. Odilia alisubiri hasira, na hasira haikuja. Uso alioutazama haukuwa wa mtu aliyedhulumiwa akapata haki yake. Ulikuwa wa mtu anayesikia kitu kwa mara ya kwanza.

"Wewe ulijua hukumwekea kitu," alisema Odilia, akianza kuogopa bila kujua anaogopa nini. "Si ulijua?"

"Nilijua mimi sikuweka," alisema Apoline. "Sikujua nani aliweka. Ile kata ilipita mikononi mwa watu watano kabla ya kunifikia. Nikasema, kuna adui alitia kitu humo. Na mimi kama ningeonja, ningesikia ladha, au ningekufa mimi, kaka akapona. Lakini nilijifanya mtakatifu. Sikuonja. Mnasema mlinifukuza. Hamkunifukuza. Makarius aliposimama kusema, nilikuwa nimekwisha kujihukumu. Unadhani kwa nini sikujibu?"



"Tangu siku hiyo sijaingia kanisani," alisema Apoline. "Ningemwambia nini Mungu? Miaka saba, Odilia. Kila siku nikiamka, kitu cha kwanza ninachojua ni kwamba nimemuua kaka yangu."

Mwanamke mmoja wa kambini alifika na bakuli, akaomba sombe, akawaona nyuso zao, akarudi nyuma hatua mbili akasubiri. Odilia alijishikilia kwenye mti wa turubai. Miaka yote hiyo alidhani amemnyang'anya wifi yake nyumba na jina, na hayo alikuwa amekuja kuyarudisha, akidhani yanarudishika.

"Yalikuwa mabichi kabisa?" Apoline aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Hayajaanza hata kukauka?"

"Mabichi kabisa, wifi. Tulikuwa tunachoma."

Apoline alijifunika uso kwa viganja vilivyojaa kijani cha majani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Odilia alinyoosha mkono kumshika, kisha akaurudisha. Hakujua kama bado alikuwa na haki ya kumgusa.